Asilimia Ya Nini?

Nimekuwa kimya kidogo, mniwie radhi. Wiki nzima nimekaa na mkataba wa kurasa 14 ambao hata si wangu. Ni wa rafiki yangu mmoja niliyesoma naye chuo, ambaye amemaliza filamu yake ya kwanza kwa fedha za kuungaunga: akiba yake, mchango wa kaka yake, na mkopo wa vikoba. Sasa kapata msambazaji, mzee mmoja mpole tu, mwenye ofisi ya kiyoyozi na kalamu iliyokwisha funguliwa mezani. "Binti yangu," akamwambia, "huu ni mkataba wa kawaida, wote wanasaini." Rafiki yangu akaomba siku chache, akaniletea mimi, kwa imani kwamba mwandishi wa habari anajua kila kitu.

Sheria sijasomea. Ila filamu napenda, na historia ya filamu zaidi, hasa ile isiyoonekana kwenye skrini... nani alilipwa na nani alipigwa changa la macho. Kwa hiyo badala ya kumfundisha vifungu nikamsimulia habari za watu waliosaini kabla yake. Nikaanza na habari ya msumeno.

Kiangazi cha 1973, vijana wa Austin, jimbo la Texas huko Marekani, wakiongozwa na Tobe Hooper na mwandishi mwenzake Kim Henkel, walipiga filamu ya kutisha iliyokuja kuitwa The Texas Chain Saw Massacre. Walifanya kazi siku saba kwa wiki, siku nyingine hadi saa 16, katika joto kali ndani ya nyumba iliyojaa mifupa na nyama iliyooza. Fedha hazikutosha. Waigizaji na mafundi wengi wakaambiwa: sehemu ya mshahara wako itangoja mpaka filamu iuzwe, na kama shukrani utapewa hisa katika faida, wengine robo ya asilimia, wengine hadi asilimia 6. Wakakubali. Nani angekataa? Ukiwa kijana na unapiga filamu yako ya kwanza, asilimia ni neno tamu kuliko mshahara.

Hawakuambiwa jambo moja. Kampuni iliyowapa hisa, Vortex, ilikuwa na nusu tu ya filamu. Nusu nyingine ilikuwa mali ya kampuni ya MAB ya mwekezaji aliyeingiza dola 60,000. Kwa hiyo mwenye asilimia moja alikuwa na nusu asilimia, na hakujua.

Agosti 1974 msambazaji akapatikana, kampuni ya Bryanston ya New York. Makubaliano: dola 225,000 mkononi na asilimia 35 ya faida. Nikamwambia rafiki yangu achukue karatasi na kalamu. Tuseme faida ni milioni moja. Asilimia 35 ni 350,000. Nusu yake, ile ya Vortex, ni 175,000. Asilimia moja ya hapo ni 1,750. Yaani yule fundi anayetembea mtaani akijua ana asilimia moja ya filamu, katika kila milioni anapata 1,750, na hapo bado hatujauliza neno "faida" lina maana gani wala nani analihesabu. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Akanitazama kama mimi ndiye niliyemdhulumu.

Zile dola 225,000 nazo zilikwenda hivi: wawekezaji wakarudishiwa fedha zao pamoja na riba, aliyewatafutia msambazaji akachukua chake, wanasheria wakachukua, wahasibu wakachukua. Kilichobaki kwa watu 20 waliotoka jasho kwenye ile nyumba ni dola 8,100. Wastani wa dola 405 kwa kichwa. Na filamu yenyewe, iliyotoka Oktoba 1974, ilikuja kuingiza zaidi ya dola milioni 30 katika majumba ya sinema ya Marekani.

Sasa, hiyo Bryanston ilikuwa ya nani? Aliyesaini nao ni Louis Peraino, wa familia iliyotoa filamu ya ngono ya Deep Throat mwaka 1972, familia yenye uhusiano na mafia wa New York. Unaweza kusema wale vijana walijitakia. Mimi sisemi hivyo. Asilimia 35 haikuwa mbaya hata kidogo, wengi leo wanapewa chini ya hapo na watu wenye tai nzuri. Shida ni kwamba asilimia ni maneno matupu mpaka utakapoliona daftari, na daftari lilikuwa New York, wao walikuwa Texas. Walipokwenda mahakamani walishinda: Bryanston iliamriwa kuwalipa dola 500,000. Lakini hukumu ilipotoka kampuni ilikuwa imeshafilisika. Haki za filamu zikachukuliwa na New Line mwaka 1983, na hapo ndipo watayarishaji walipoanza kupata fungu la maana zaidi.

Hapo rafiki yangu akarudi kwenye mkataba wake akatafuta neno kufilisika. Halikuwemo. Kurasa 14, lakini hakuna mstari hata mmoja unaosema kwamba msambazaji akifunga duka, au akikaa miezi kadhaa bila kulipa, filamu inarudi kwa mwenyewe. Kulikuwa na miaka 20, kulikuwa na "dunia nzima", lakini mlango wa kutokea hakuna.

Kwa wanaodhani huo ulikuwa uhuni wa mafia tu, tuhamie Hollywood kwenye kampuni kubwa. Nadhani hakuna aliyekulia mjini ambaye hajaiona Coming to America ya mwaka 1988, Eddie Murphy akiwa mwana wa mfalme wa Zamunda. Mwandishi wa magazeti Art Buchwald alisema wazo lile lilitoka kwake, kwamba alilikabidhi Paramount mwaka 1983 kwa mkataba uliompa sehemu ya "faida halisi". Januari 1990 mahakama ya Los Angeles ikakubaliana naye. Ikabaki kumlipa tu, siyo?

Paramount wakasema hakuna cha kulipa. Filamu iliyokusanya zaidi ya dola milioni 280 duniani ilikuwa bado na hasara ya dola milioni 18. Sio kwamba walificha fedha kwenye viroba, la. Walifuata mkataba. Kwanza mapato ya sinema yanagawanywa na wenye majumba. Katika kinachobaki, kampuni inajikatia ada ya usambazaji. Halafu zinatoka gharama za kutengeneza filamu, na juu yake asilimia 15 eti za uendeshaji wa ofisi. Zinatoka gharama za matangazo, na juu yake asilimia 10 nyingine za uendeshaji. Kisha riba. Na riba hiyo ilitozwa hadi kwenye zile asilimia 15 za ofisi! Yaani anakuuzia chai, anakutoza kuni, halafu anakukopesha fedha ya kuni kwa riba ambayo yeye mwenyewe hakuilipa popote.

Desemba 1990 Jaji Harvey Schneider alivitaja vifungu saba katika hesabu ile kuwa vimevuka mpaka wa haki, vikiwemo vya asilimia 15 na 10 zisizolingana na gharama za kweli, na riba juu ya gharama za ofisi. Hoja ya kwamba ndivyo mikataba yote ya mji ule ilivyo haikumtisha. Nilisoma hapo mara mbili, maana ni ile ile ya mzee wa kiyoyozi: huu ni mkataba wa kawaida. Kawaida ya nani? Mwaka 1992 Buchwald akapewa dola 150,000 na mtayarishaji mwenzake Alain Bernheim 750,000. Si haba, ila ilichukua miaka na jopo la wanasheria. Rafiki yangu hana hata nauli ya kwenda mahakamani mara tatu.

Mkataba wake unasema asilimia 25 ya "faida halisi baada ya kutoa gharama zote za msambazaji". Zote. Hazina ukomo wala risiti, na wa kuzikagua hatajwi.

Kuna kingine kilichonisumbua, kifungu kinachomruhusu msambazaji kuiuza filamu kwa pamoja na filamu nyingine "na kugawa mapato kwa kadiri atakavyoona". Hii ni mbinu ya zamani. Filamu yako ikifanya vizuri inalipa madeni ya filamu ya mtu mwingine usiyemjua. Mama muuza nyanya hufunga fungu hivyo hivyo, nzuri juu na bovu chini, ila pale sokoni angalau unaweza kuligeuza fungu ukaona.

Na usidhani hatari ipo kwenye fedha tu. Mwaka 1968 George Romero na wenzake wa Pittsburgh walitoa Night of the Living Dead iliyogharimu kama dola 114,000. Mwanzo iliitwa Night of the Flesh Eaters, na alama ya hakimiliki iliwekwa chini ya jina hilo. Msambazaji, Walter Reade, akabadili jina, akatengeneza kibao kipya cha mwanzo, akasahau kurudisha alama. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, kuitoa filamu bila alama hiyo kulitosha kuipoteza hakimiliki. Filamu iliyozaa mazombi wote unaowaona leo ikawa mali ya kila mtu, yeyote aliweza kuinakili na kuiuza. Rafiki yangu akacheka kwa uchungu, kwa sababu kifungu cha sita kinampa msambazaji haki ya kubadili jina na kukata sehemu "bila idhini zaidi".

Ila mstari mmoja unaweza kufanya kazi upande wako pia. Mwanamuziki Peggy Lee alitunga nyimbo na kuigiza sauti katika Lady and the Tramp ya Disney, 1955. Mkataba wake wa miaka ile ulimbakizia haki juu ya nakala za kuuzia umma. Wakati ule nani alijua kanda za video? Disney walipoiuza filamu kwa video mwaka 1987 bila kumgawia, alishtaki, na mwaka 1991 akashinda mamilioni ya dola. Wasambazaji walijifunza kesi za namna ile kuliko sisi. Ndiyo maana mikataba ya sasa imejaa "njia zote zilizopo na zitakazobuniwa". Na wa rafiki yangu nao unayo, kifungu cha pili kabisa.

Kwetu Bongo enzi za kanda na baadaye CD hata hayo ya asilimia yalikuwa anasa. Wengi waliuza filamu jumla kwa wasambazaji wa Kariakoo, haki zote kwa malipo ya mara moja, na filamu ikipendwa mwenye nayo anaiona ikichezwa kwenye mabasi ya mikoani kama abiria mwingine. Najua mmoja aliyeniambia hakujutia, kwa sababu fedha ile ilimtibu baba yake. Sikuwa na la kumjibu.

Basi tukakaa, tukaandika barua ya nusu ukurasa. Aliomba gharama ziwekewe ukomo, aruhusiwe kupeleka mhasibu kukagua vitabu mara moja kwa mwaka, filamu yake isifungwe kwenye fungu, jina lisibadilishwe bila yeye, miaka 20 iwe mitano, na msambazaji akifilisika au asipolipa haki zirudi kwake.

Mzee kajibu juzi, kwa heshima zote. Jina kakubali. Ukomo wa gharama kakubali. Miaka kapunguza hadi 12. Kuhusu vitabu vya hesabu kasema hajawahi kuombwa kitu kama hicho na binti wa umri wake, na kuhusu kufilisika hakugusa kabisa. Mkataba uko kwenye meza ya rafiki yangu, haujasainiwa. Rejesho la vikoba ni Jumamosi.