Ajijic: Mji wa Mexico unaokimbiliwa na wastaafu wa Marekani na Canada

Jina linaandikwa Ajijic, ila ukifika sema "Ahihik", maana kwa Kihispania herufi J hutamkwa kama H. Ni mji mdogo wa barabara za mawe na kuta za rangi kali, wenye wakazi zaidi ya 11,000 kwa sensa ya mwaka 2020. Ukikaa bustanini katikati ya mji kwa nusu saa tu, utawaona wazee wengi wa Marekani na Canada. Hao si watalii wa wiki moja. Wamestaafu, wakahamia hapa na pensheni zao.

Uko wapi?

Ajijic uko jimbo la Jalisco, magharibi mwa Mexico, kando ya Ziwa Chapala, ambalo ndilo ziwa kubwa kuliko yote nchini humo. Jiji la Guadalajara liko kaskazini, umbali wa kilomita kama 50.

Mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, juu kidogo kuliko Arusha. Kwa hiyo hakuna joto la pwani wala baridi ya kutisha. Mvua hunyesha zaidi kati ya Juni na Oktoba, tena mara nyingi usiku.

Wageni walianzaje kuja?

Hawakuanza jana. Mwaka 1923 mwandishi Mwingereza D. H. Lawrence alikaa mji wa jirani, Chapala, akiandika riwaya. Miaka 20 baadaye akafika Ajijic Mmarekani Neill James, mwandishi wa vitabu vya safari, na hakuondoka tena. Alifungua maktaba ya watoto na kuwaanzishia masomo ya uchoraji. Alifariki mwaka 1994.

Nyumba na bustani yake aliziachia Lake Chapala Society, chama cha wageni kilichoanzishwa mwaka 1955. Mpaka leo ofisi za chama ziko hapo, na watoto wa mji bado wanafundishwa kuchora.

Kwa nini wanapapenda?

Kwanza ni hesabu. Pensheni ambayo Marekani inaishia kwenye kodi ya nyumba na bili, hapa inatosha kupanga nyumba yenye bustani, kumlipa msaidizi wa kazi na kula mgahawani.

Pili ni sheria. Mgeni haruhusiwi kumiliki moja kwa moja ardhi iliyo ndani ya kilomita 50 kutoka pwani au 100 kutoka mpakani. Lazima apitie benki. Ajijic uko nje ya ukanda huo. Kibali cha ukaazi wa muda hufika hadi miaka 4, kwa anayethibitisha kipato au akiba, kisha anaweza kuomba cha kudumu.

Kuna kasoro moja kubwa. Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee wa Marekani, kwa kawaida hailipii matibabu nje ya nchi hiyo. Mzee akiugua anatoa pesa mfukoni, anatumia bima binafsi, au anapanda ndege kurudi.

Mtu hufanya nini huko?

Kwa kweli, si mengi, na ndicho wanachokifuata. Asubuhi watu hutembea kando ya ziwa. Jumatano kuna gulio barabarani: matunda, mboga, samaki, nguo, vyungu.

Usipite bila kuona Muro de los Muertos, ukuta wa msanii Efrén González uliojaa mafuvu ya udongo yenye majina ya marehemu wa mji. Siku ya Wafu, Novemba 2, huwashwa mishumaa. Mwisho wa mwezi huohuo ni sikukuu ya Mtakatifu Andrea, msimamizi wa mji, ambayo kilele chake ni Novemba 30. Hapo ni bendi na fataki, kwa hiyo sahau usingizi.

Nani analipia utulivu huo?

Mwaka 2020 serikali iliutangaza Ajijic kuwa Pueblo Mágico, yaani moja ya miji yenye mvuto wa pekee kwa utalii. Sifa ikaongezeka, na bei nazo zikapaa. Nyumba nyingi hutangazwa kwa dola, wakati mhudumu wa mgahawa, fundi au mtunza bustani analipwa kwa peso. Kijana aliyezaliwa hapa anashindania chumba na mtu mwenye pensheni ya Marekani. Papo hapo, kazi yake mara nyingi inatokana na mgeni huyohuyo. Ndiyo maana ugomvi huu hauna jibu jepesi.

Ziwa nalo limebeba mzigo. Ndilo linaloipa Guadalajara sehemu kubwa ya maji yake, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 lilikauka kiasi kwamba maji yalirudi nyuma, mbali na kingo zake. Magugu maji pia ni kero, yaleyale yanayowasumbua wavuvi wa Ziwa Victoria.

Ukitaka kwenda

Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza. Ubalozi wa Mexico uko Nairobi. Walio na viza halali ya Marekani, Canada, Uingereza au Schengen wamekuwa wakiruhusiwa kuingia kutalii bila viza ya Mexico, lakini thibitisha ubalozini kabla ya kukata tiketi.

Muda wa huko uko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 9. Beba peso taslimu kwa ajili ya gulio. Na kabla ya kuuliza bei, salimia kwanza: "Buenos días". Wastaafu wengine wameishi hapo miaka mingi bila kujifunza zaidi ya hiyo, na wenyeji wanawajua.