Kuweka nyumba rehani upya

Kuweka nyumba rehani upya ni kuchukua mkopo mpya kwa dhamana ya nyumba ileile, ili kulipa mkopo wa awali au kupata fedha zaidi. Kampuni ya Tanzania Mortgage Refinance Company (TMRC), iliyoanzishwa mwaka 2010, hukopesha mabenki, si mwenye nyumba. Hivyo mwenye nyumba anayetaka mkopo mpya hurudi benki. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, suala la hati ya umiliki hutangulia suala la riba. Kwa mfano, kiwanja cha Mugumu, wilayani Serengeti, ambacho hati yake bado ina jina la muuzaji, mnunuzi hawezi kukiweka rehani kwa jina lake. Tena, Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inataka ridhaa ya mwenzi kwa nyumba ya ndoa.

Wapo watakaosema kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 imeipa hatimiliki ya kimila hadhi sawa na hatimiliki nyingine. Ni kweli, lakini benki hupima pia wepesi wa kuuza dhamana. Wengine husema riba nafuu inahalalisha haraka. Hata hivyo, marejesho ya mwanzo ya mkopo mpya hulipa zaidi riba, deni halisi hupungua kidogo, na gharama za uthamini na usajili hulipwa tena. Busara ni kukamilisha uhamisho wa hati kwanza, kisha kulinganisha gharama zote.