Mbio za Derby na Kitabu cha Nasaba

Leo tutasoma habari za mbio za farasi. Huenda mmoja wenu akauliza, "Mbio za farasi zatuhusu nini sisi wa Pemba, wenye ng'ombe na punda?" Subirini kidogo, jibu litakuja.

Karibu na London pana mji uitwao Epsom. Hapo, tarehe 4 Mei 1780, zilifanywa mbio za kwanza za Derby. Zilipewa jina la mtukufu mmoja wa Uingereza, Earl of Derby. Farasi aliyeshinda aliitwa Diomed, mali ya Sir Charles Bunbury.

Sheria zake ni nyepesi kufahamika. Kila farasi awe na umri wa miaka mitatu. Hakuna vizuizi vya kuruka. Ni kukimbia tu. Mwanzo walikimbia maili moja, na tangu mwaka 1784 ni maili moja na nusu. Kwa kuwa farasi hutimiza miaka mitatu mara moja tu, hakuna anayejaribu mara ya pili. Ndiyo maana kila mwenye farasi huutamani ushindi huo.

Je, farasi hao asili yao ni wapi? Ukiwafuata baba kwa baba, wote hurudi kwa madume watatu wa mbegu ya mashariki. Mmoja wao, Darley Arabian, alinunuliwa Halab, katika nchi ya Sham, akapelekwa Uingereza mwaka 1704.

Sifa ya farasi wa Kiarabu ilijulikana na kwetu. Mwaka 1842 Sayyid Said wa Unguja alimpelekea Malkia Victoria zawadi, na farasi wa Kiarabu walikuwa miongoni mwake. Tena Aga Khan wa Tatu, aliyepimwa kwa almasi Dar es Salaam mwaka 1946, alishinda Derby mara tano: 1930, 1935, 1936, 1948 na 1952. Farasi wake wa mwaka 1935, Bahram, hakushindwa hata mara moja maishani mwake.

Watu wamejuaje mambo hayo ya zamani? Yaliandikwa. Mwaka 1791 Waingereza walichapisha kitabu cha nasaba za farasi. Humo huandikwa baba wa farasi, mama yake, na mama wa mama yake.

Basi jibu letu ndilo hili. Farasi aliyekufa zaidi ya miaka 200 iliyopita, mama yake anajulikana. Je, wewe wamjua mama wa bibi yako? Wako wazee wajuao nani alipanda mikarafuu ya shamba fulani na nani alirithi. Wasipoandika, wakifa huzikwa na habari zao, na wajukuu hubaki kugombana. Sasa kalamu unayo, na kuandika umejifunza.

Maswali
1. Mbio za kwanza za Derby zilifanywa mwaka gani?
2. Kwa nini farasi hawezi kukimbia Derby mara mbili?
3. Darley Arabian alinunuliwa wapi?

Kazi ya nyumbani
Muulize mzee wa kwenu. Kisha andika majina ya baba na mama yako, ya babu na bibi zako, na ya wazazi wao. Karatasi hiyo iweke mahali pakavu.