Kiu ya Mbegu Katika Udongo wa Chumvi

Shamba la chumvi huua mbegu kwa kiu kabla ya kuiunguza. Chumvi huyashikilia maji, mbegu ikabaki penye unyevu isiweze kuunywa. Nimekuwa bwana shamba katika delta ya Rufiji, ambako mpunga hulimwa palipofyekwa mikoko na mkulima hungoja masika maji ya mto yasukume chumvi baharini. Kiu hiyo naijua, ndiyo maana nimefuatilia historia ya kuloweka mbegu.

Yapata miaka 2,300 iliyopita, Mgiriki Theophrastus aliandika kuwa mbegu za matango zikilowekwa kwa maji au maziwa huota upesi. Mfaransa Olivier de Serres, kwenye kitabu chake cha mwaka 1600, alieleza kuloweka nafaka katika maji ya samadi, kisha kuianika kivulini. Hapo kwenye kuanika ndipo penye ujuzi wote. Mbegu ikinywa maji huamka, ikajikarabati na kuanza kuandaa chakula cha mche. Ikikaushwa kabla mzizi haujachomoza, maandalizi hayo hubaki ndani yake, na shambani humalizia tu. Mzizi ukishatoka halafu ukakauka, umeipoteza mbegu.

Charles Darwin alikuwa na swali jingine: je, mbegu zaweza kuvuka bahari? Alizamisha aina 87 katika maji ya chumvi. Zilipotolewa baada ya siku 28, aina 64 ziliota. Kumbe chumvi yaweza kuizuia mbegu bila kuiua. Karne moja baadaye, katika Urusi ya Kisovieti, mtafiti Strogonov aliandika juu ya kuloweka mbegu za pamba kwenye maji ya chumvi na kuziosha kabla ya kupanda, ili mmea uje na ustahimilivu.

Mwaka 1973 mtafiti Heydecker na wenzake wa Nottingham, Uingereza, walitumia kemikali iliyopunguza kasi ya mbegu kunywa maji. Vitabu humsifu sana. Mimi namthamini zaidi mtafiti David Harris wa Bangor, Wales, ambaye miaka ya 1990 alifanya majaribio pamoja na wakulima wa India na Zimbabwe: loweka usiku kucha kwa maji safi, kausha juujuu, panda. Ndoo inatosha. Chumvi ikizidi mno, bado shamba litahitaji kuoshwa kwa maji yasiyo na chumvi na kutolewa maji hayo kwa mifereji. Na mbegu iliyolowekwa haiwekwi ghalani, ipandwe mapema.