Majuma ya kwanza ya mwanafunzi ugenini: toka Vilvoorde mpaka Mutare



Katika mkutano wetu uliopita hapa Kamina, mzee mmoja alisimama akauliza swali ambalo lilinyamazisha watu: "Ule kijana tulimulipia minervali, tukamulipia na njia, sasa amerudia kisha majuma tano tu. Feza yetu ilienda wapi?" Sisi wa kazi ya tereni ndio tuliotayarisha dosie ya kijana yule, basi jibu ni letu. Lakini tuliona vema kufungua historia kidogo kwanza, juu swali la mzee si la leo.

Mkongomani wa kwanza tunayemjua kusoma masomo ya juu Ulaya ni Paul Panda Farnana, mwana wa Bas-Congo. Alipelekwa Ubelgiji mwaka wa 1900, akiwa mtoto wa miaka 12 hivi. Mwaka wa 1904 aliingia shule ya ukulima wa bustani kule Vilvoorde, karibu na Brussels, na mwaka wa 1907 akaimaliza vizuri. Watu wanapenda kusifu akili yake, na ni haki. Siye tunaangalia kitu kingine. Siku alipokaa mara ya kwanza mbele ya walimu wa Vilvoorde, alikuwa amekwisha kuishi miaka 4 katika nyumba ya Wabelgiji. Kifaransa kilikuwa lugha yake ya kila siku, baridi alikuwa ameizoea. Majuma yake ya kwanza aliyapitisha akiwa mtoto, mikononi mwa mama Mzungu aliyemlea kule.

Kisha yake, miaka mingi ilipita kimya. Serikali ya kikoloni ilitaka makarani, wasaidizi wa waganga na mafundi, haikutaka watu wa iniversite, na zaidi haikupenda waende kusomea Ulaya na kuona mambo ya kule. Thomas Kanza alipoingia iniversite ya Louvain mwaka wa 1952, ilikuwa habari kubwa kwa nchi nzima. Mtu mmoja! Lovanium ilifunguliwa Léopoldville mwaka wa 1954, na iniversite ya serikali Élisabethville mwaka wa 1956, lakini mwanzoni wengi waliosomea Élisabethville walikuwa watoto wa Wazungu.

Hapa turudi kwetu, maana Kamina ina sehemu yake katika historia hii, na watu wachache wanaikumbuka. Miaka ile ile ambayo Kanza alikuwa Louvain, jeshi la anga la Ubelgiji lilikuwa linaleta vijana wake kujifunza kuendesha ndege hapa kwenye Base, juu ya ndege za Harvard. Wazee wa mitaa bado wanasema juu ya kelele yake. Wale nao walikuwa wanafunzi ugenini, mbali na kwao kilometa maelfu. Lakini walikuta nyumba tayari, chakula wanachokijua, daktari, na wakubwa wanaosema lugha yao. Hakuna aliyewaambia: "Tumewalipia njia, yanayobaki ni yenu." Serikali yao ilijua kwamba kumleta kijana mpaka Kamina ni nusu ya kazi tu.

Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, Wakongomani wenye diploma ya iniversite hawakufika 30 katika nchi nzima. Mwezi wa Septemba mwaka ule Mobutu aliweka serikali ya wale walioitwa Makamishna Wakuu, yaani watu waliomaliza iniversite na wengine ambao walikuwa bado wanafunzi. Kuna walioacha buku zao Ubelgiji na kurudi mbio kuja kuongoza wizara. Nao walikuwa watu waliorudi, kama sisi, lakini tusiingie siasa.

Baadaye milango ilifunguka pande zote, Ubelgiji, Ufaransa, Marekani, hata Moscow, kwenye iniversite iliyofunguliwa mwaka wa 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba mwaka wa 1961. Warusi walikuwa na akili moja nzuri: mgeni hakuingia masomo yenyewe moja kwa moja. Alipewa kwanza mwaka wa matayarisho, wa kujifunza Kirusi. Mwaka muzima, siyo juma moja.

Kwa vijana wa Kamina njia kubwa ilikuja kuwa ya kusini. Africa University ya Kanisa la Metodisti la Muungano ilianza Old Mutare, Zimbabwe, mwaka wa 1992 na wanafunzi 40. Kamina ni kiti cha Wametodisti wa Katanga ya kaskazini, basi haikuchelewa kupeleka watoto. Tena njia hiyo ni ya zamani. John Springer, ambaye alianzisha misioni yao hapa Congo, alikuwa amefanya kazi kwanza Old Mutare, na mwaka wa 1907 alivuka kwa miguu mpaka Angola. Vijana wetu wanafuata alama zake wakigeuza upande: treni mpaka Lubumbashi (wakati treni inapenda), mpaka wa Kasumbalesa, Kitwe, Lusaka, daraja la Chirundu juu ya Zambezi, Harare, kisha milima ya mashariki. Na kule pia walielewa jambo lile la Warusi: anayetoka nchi ya Kifaransa ao ya Kireno anafundishwa Kiingereza kwanza.

Sasa tuje kwa kijana wetu. Alienda nchi ya Kiingereza, shule hatutaitaja, na kosa halikuwa lake. Kosa lilikuwa letu, wa biro. Tulimpa barua nzuri ya Kifaransa yenye muhuri. Alipofika walimwambia diploma yake ya Serikali itafsiriwe na kuthibitishwa kwanza, na kazi hiyo inalipwa. Feza yake ya kula ikaenda pale. Hakuna aliyekuja kumpokea. Magari kule yanapita upande wa kushoto. Siku ya pili alipovuka barabara akaangalia upande wa kwetu, kidogo gari limugonge.

Hayo yote aliyavumilia. Kilichomvunja ni darasa. Kwetu profesa anaandika silabi, mwanafunzi anaununua, anaushika kichwani, siku ya mtihani anaurudisha jinsi ulivyo. Kijana huyu alikuwa wa kwanza katika kazi hiyo. Kule mwalimu aliwapa majina ya vitabu kumi, akasema: kisha majuma mawili mulete kurasa tano, museme ninyi munafikiri nini. Yeye akangojea silabi. Aliingoja kweli, majuma mawili, akifikiri inachelewa kutoka. Alipoandika mwishowe, alinakili maneno ya vitabu vizuri kabisa, kama tulivyomfundisha, wakamuita kwenye biro wakamwambia ameiba. Mtoto ambaye hajawahi kuiba hata embe. Usiku ule alimpigia mama yake: "Mama, miye nitarudia ku nyumba. Huku banasema mbio-mbio, siskie kintu." Juma lililofuata alikuwa Kasumbalesa.

Binti aliyemfuata, mtoto wa mwanamemba aliyerudi toka kambi ya Mwange, alienda nchi ile ile na feza ile ile. Tofauti ilikuwa moja. Tulitafuta mapema mwanafunzi wa Malemba-Nkulu aliyekuwa kule mwaka wa tatu. Alimngojea kwenye stendi ya basi, akamuamkia kwa Kiluba, akamuonyesha soko ambapo unga wa bukari unauzwa bei ya chini, akakaa naye mezani kumuonyesha namna ya kuandika "fulani anasema hivi, lakini mimi naona hivi." Na yeye alilia juma la tatu, alituambia mwenyewe. Lakini alilia mbele ya mtu. Sasa yuko mwaka wa pili.

Kwa mzee aliyeuliza: feza ilienda kwa minervali na njia, kama mlivyoamua, na hakuna franka iliyobaki kwa kupokelewa. Kwa wapaji tunaomba mkubali mstari mpya katika bajeti: kutafsiri na kuthibitisha karatasi, chakula cha majuma sita, na kitu kidogo kwa mwanafunzi mkubwa anayempokea mdogo. Tunajua ni matumizi magumu kuonyesha kwa risiti. Muuza unga wa sokoni hatoi risiti.

Kijana aliyerudi hajakaa bure. Kila siku ya posho, saa nane, yuko kwenye biro yetu na wale watatu wanaotayarishwa kwa mwaka ujao. Hatukumwambia aanzie wapi. Somo la kwanza aliwatoa inje mpaka kwenye barabara kubwa, akawafundisha kuangalia kuume kwanza.