Uvumi si uzushi

Magazetini maneno haya mawili hutumiwa kana kwamba ni pacha. Sivyo. Uvumi hutokana na kuvuma: habari imeenea, chanzo hakijulikani, na huenda ikawa kweli. Uzushi hutokana na kuzusha: yupo aliyeutunga. Machi 2023, picha ya Papa Francis akiwa amevaa koti jeupe lililotuna ilizagaa mitandaoni; ilitengenezwa kwa programu ya akili bandia, Midjourney. Picha yenyewe ilikuwa uzushi. Walioisambaza ndio walioufanya uvume. Zamani ilitosha kuuliza, "Nani kakwambia?" Siku hizi ongeza, "Nani kaitengeneza, na kwa chombo gani?" Usipopata jibu, uite uvumi, na usiusambaze.