Dawa Waliyoiazima Wanaume: Historia ya Kutibu Mkojo Usiozuilika Baada ya Kuondolewa Tezi Dume

Tezi dume imeketi chini ya kibofu, ikiuzunguka mfereji wa mkojo baina ya vilango viwili vya misuli: cha juu, kilicho kwenye shingo ya kibofu, ambacho hufanya kazi bila ya kuamrishwa, na cha chini, ambacho mtu hukibana kwa hiari yake. Tabibu anapoitoa tezi yenye saratani, kilango cha juu aghalabu huharibika pamoja nayo, na cha chini huachiwa peke yake kazi iliyokuwa ya wawili. Ikiwa nacho kimejeruhiwa au kimelegea, basi kikohozi, kicheko, au kuinuka kitini hutosha kuuchuruza mkojo.

Upasuaji huu ulitiwa katika utaratibu uliokamilika na Hugh Hampton Young, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, mwezi wa Aprili 1904. Siwalaumu matabibu wa zama zile kwa kuwa macho yao yote yalielekea kwenye saratani, kwani mgonjwa aliyenusurika kifo alihesabiwa kuwa amepona, na nguo zake zilizolowa zilionekana kuwa thamani ndogo ya uhai. Lakini yeye mwenyewe, aliyekuwa akijifunga vitambaa na kuogopa kuketi barazani na wenzake, alikuwa na hesabu nyingine.

Jambo ambalo vitabu vya utabibu hulipita upesi ni kwamba karibu kila dawa ya mwanamume katika dhiki hii ilianza kwa mwanamke. Namtoa katika kauli hiyo Frederic Foley, tabibu wa St. Paul huko Minnesota, yule yule ambaye mpira wa mkojo wenye kifuko kidogo cha kujazwa maji unaitwa kwa jina lake mpaka leo: mwaka 1947 alieleza namna ya kuuzungushia mfereji wa mkojo wa mwanamume pete ya kujazwa, iliyokaa nje ya mwili, ili mtu aweze kuufunga na kuufungua mwenyewe. Fikira ilikuwa sahihi, ila chombo hakikuenea. Mwaka uliofuata, 1948, Arnold Kegel wa Los Angeles alitangaza mazoezi ya kukaza misuli ya chini ya nyonga, na wanafunzi wake walikuwa kina mama waliolegea baada ya uzazi. Ilipita miaka mingi kabla ya wanaume waliopasuliwa tezi kufundishwa mazoezi hayo hayo.

Wala utabibu si wa kwanza kuazima hivyo. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, walipotaka kumwekea hukumu ya sala mtu ambaye mkojo wake haukatiki, walimkisia na mwanamke mwenye damu ya istihadha, yaani itokayo nje ya hedhi: ajisafishe, ajifunge vizuri, atawadhe baada ya wakati kuingia, kisha asali faradhi yake, na kinachotoka baadaye pasipo hiari yake kimesamehewa. Kwa hivyo mzee anayejizuilia msikiti kwa haya amejinyima ruhusa aliyokwisha kupewa tangu karne nyingi.

Mageuzi makubwa yalitokea Houston, Texas, mwaka 1972, pale F. Brantley Scott, kwa kushirikiana na William Bradley na Gerald Timm, alipopandikiza mwilini kilango cha bandia kinachoendeshwa kwa maji. Naye mgonjwa wa kwanza alikuwa mwanamke. Chombo hicho kilirekebishwa mara kadhaa mpaka kufikia umbo la mwaka 1983, ambalo kwa jumla ndilo litumikalo hata sasa: pete ya silikoni inauzunguka mfereji wa mkojo, kifuko cha maji kimefichwa tumboni, na pampu ndogo imewekwa ndani ya mfuko wa korodani. Mtu akitaka kukojoa huiminya pampu, maji yakatoka katika pete kwenda kifukoni, mkojo ukapita. Kisha maji hurejea yenyewe taratibu katika muda wa dakika chache, na mlango ukafunga tena. Kwa sababu chombo hakionekani, aliyenacho hana budi kumweleza kila mwuguzi anayetaka kumtia mpira wa mkojo, maana mpira ukilazimishwa katika pete iliyofunga huweza kuujeruhi mfereji.

Hopkins yenyewe, ambako Young alianzia, ilichangia katika kulipunguza tatizo la kuvuja mkojo. Mwaka 1981 Patrick Walsh alikwenda Leiden, Uholanzi, na pamoja na Pieter Donker, profesa aliyekwisha kustaafu, akaifuata njia ya mishipa ya fahamu katika maiti ya mtoto aliyezaliwa amekufa. Mwaka 1982 akaanza kupasua kwa kuihifadhi mishipa hiyo. Alikuwa akitafuta nguvu za kiume zisipotee, lakini upasuaji wenye damu kidogo, ambao tabibu anaona anachokikata, uliwafaa wagonjwa katika mkojo pia.

Utepe wa kuuegemeza mfereji nao ulitoka upande wa wanawake: njia ya kuupitisha kwenye tundu za mifupa ya nyonga ilielezwa na Delorme wa Ufaransa mwaka 2001, na mwaka 2007 Rehder na Gozzi wa Austria wakaeleza utepe wa wanaume unaopita huko huko.

Lakini si kila kilichoazimwa kilileta faida iliyotarajiwa. Mwaka 2011 uchunguzi wa Uingereza uliwalinganisha wanaume waliofundishwa mazoezi ana kwa ana na wenzao waliopata huduma ya kawaida. Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa bado wanavuja walikuwa asilimia 76 upande mmoja na 77 upande wa pili. Uchunguzi mwingine wa huko huko, uliotangazwa mwaka 2021, uliwagawa wanaume 380 baina ya utepe na kilango cha bandia. Utepe haukuonekana kushindwa na kilango. Na ingawa wengi katika makundi yote mawili walisema bado wanavuja, kwa kuwa hata mvujo mdogo kabisa ulihesabiwa, taabu yao ilikuwa imepungua sana, na wengi wao walieleza kuwa wameridhika.